Kabla ya Elimu ya Kujitegemea kulikuwa na shule ya Litowa

Wadau, leo tuzungumzie jembe.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya sabini, themanini, hata tisini, anajua ninachosema. Jumatatu unakwenda na ndoo, Jumatano unakwenda na jembe, Ijumaa fagio au kuni. Ukisahau, fimbo. Shule niliyosoma mimi (jina naomba nilihifadhi) ilikuwa na shamba la mahindi nyuma ya madarasa. Tulilima, tukapalilia, tukavuna, tukabeba magunia mpaka stoo. Baada ya hapo mahindi yalikwenda wapi? Mpaka namaliza darasa la saba sikuambiwa, na kwa jinsi tulivyolelewa sikuthubutu kuuliza. Tuliambiwa tu kwamba hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea.

Basi miaka mingi nikaamini kwamba Elimu ya Kujitegemea ni jina la heshima la kulimishwa bure. Mpaka nilipokuja kukutana na habari za shule moja ya msingi ya kijijini kule Songea. Inaitwa Litowa. Watoto wa Litowa nao walishika jembe, tena walianza kulishika kabla ya sisi sote. Lakini wao walijua mahindi yanakwenda wapi. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo, na ndiyo maana leo nimeona tuijadili.

Litowa ni wapi, na ilianzaje?

Litowa ni kijiji cha mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania. Kwa wasiopajua huko, Songea wakati wa ukoloni palikuwa mahali pa kuzoa vibarua. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliacha eneo hilo na njaa na makaburi. Mwingereza alipochukua nchi baada ya Mjerumani, hakuona haja kubwa ya kupaendeleza, kwa sababu alikuwa akipata kutoka huko kitu anachokitaka zaidi: vijana wenye nguvu. Vijana waliondoka kwa makundi kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Ndio walioitwa manamba. Walirudi baada ya miaka na blanketi, baiskeli labda, na mgongo uliochoka.

Shule zilikuwepo, hasa za wamisionari. Wabenedikti wako Peramiho tangu mwaka 1898. Lakini kwa watoto wengi wa nchi nzima wakati ule shule ilikuwa ni miaka minne tu. Ukifika darasa la nne kuna mchujo, wengi wanabaki hapo, wanarudi nyumbani wakiwa wamejua kusoma barua na kuandika jina.

Sasa mwaka 1960, uhuru ukiwa unanukia, kikundi kidogo cha vijana wa TANU Youth League wa Songea kiliamua kufanya jambo ambalo watu waliliona la ajabu. Badala ya kwenda mjini au kwenye mkonge, waliingia porini kuanzisha kijiji chao cha kulima kwa pamoja. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mara ya kwanza walishindwa. Chakula kiliisha, wakarudi makwao. Mwaka 1961 wakajaribu tena, safari hii wakiwa wamejipanga kwa chakula, na kijiji kikasimama. Hicho ndicho Litowa.

Tafadhali angalia miaka. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Hawa walikuwa porini miaka sita kabla. Hakuna mkuu wa mkoa aliyewaamuru, hakuna lori lililowasomba. Walikwenda kwa miguu yao.

Vijiji vingine vikaiga, na mwaka 1963 vikaungana kuwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho wengi walikijua kwa herufi tatu, RDA. Mwaka huo huo familia moja ya Kiingereza, ya bwana Ralph Ibbott, ilihamia Litowa kuishi na wanakijiji. Ibbott alikuwa mshauri. Maamuzi yalibaki kwenye mikutano ya wanakijiji wenyewe. Kufikia 1969 RDA ilikuwa na vijiji 17 hivi, ina mashine ya kusaga nafaka, ina kiwanda cha kupasua mbao na magari yake. Kwa wakulima wa jembe la mkono, miaka minane tu baada ya uhuru, hiyo haikuwa kazi ya mchezo.

Kwa nini walitaka shule yao?

Hapa ndipo penye uhondo. Kijiji kikishakuwa na watu kinakuwa na watoto, na watoto wanahitaji shule. Jambo la kawaida. Ila wanakijiji wa Litowa walijiuliza swali ambalo wazazi wengi hatujiulizi: tukimpeleka mtoto shule, shule itamfanya nini?

Tazama hesabu za wakati huo, alizozitoa Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1967. Mwaka wa uhuru, 1961, Tanganyika ilikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi. Kufikia 1967 walikuwa kama 825,000. Safi sana. Lakini shule za sekondari nchi nzima mwaka huo wa 1967 zilikuwa na wanafunzi kama 25,000 tu. Katika watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, waliopata nafasi ya sekondari hawakuzidi 13. Waliobaki 87 walionekana wameshindwa.

Wewe fikiria. Shule nzima, miaka yote saba, imepangwa kwa ajili ya watoto 13. Wale 87 wamekaa darasani kama wasindikizaji. Siku matokeo yanatoka wanaambiwa hamkuchaguliwa, rudini kijijini. Na kijijini hawakufundishwa kitu, zaidi ya kwamba kijijini ni mahali pa walioshindwa. Matokeo yake ni nini? Kijana anachukua kamfuko kake, anapanda basi, anaelekea Dar. Kama wewe unayesoma hapa ni mmoja wao, au baba yako alikuwa mmoja wao, najua umenielewa.

Litowa waliona kwamba wakiwa na shule ya namna hiyo, kijiji chao kitakufa baada ya kizazi kimoja. Wazee watabaki na shamba, watoto wataondoka. Kwa hiyo wakaanzisha shule iliyopangwa kwa ajili ya wale 87.

Ilivyofanya kazi

Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka, Mtanzania, ambaye baadaye aliandika mwenyewe maelezo ya jaribio hilo. Shule ilipokua, watoto wa vijiji vingine vya RDA nao waliletwa Litowa, wakaishi hapo hapo shuleni. Kulikuwa pia na watu kutoka nje waliokuja kusaidia. Mmoja wao, kijana wa Kimarekani aitwaye Kate Wenner, aliandika kitabu juu ya maisha yake hapo, kilichochapishwa 1970. Kitabu ni cha Kiingereza lakini jina lake ni la Kiswahili: Shamba Letu.

Shika hilo neno "letu", ndugu msomaji. Tutalirudia.

Watoto walisoma darasani kama watoto wengine, kusoma, kuandika, hesabu, sayansi. Na walifanya kazi shambani, pamoja na walimu wao. Chakula walichokula kwa sehemu kubwa walikilima wenyewe. Masomo yaliunganishwa na yale wanayoyaona kijijini. Nitoe mfano wangu mwenyewe ili tuelewane. Shule ya kawaida itakupa hesabu ya treni mbili zinazokutana njiani, wakati hapo kijijini treni hujawahi kuiona. Shule ya aina ya Litowa itakuuliza: tumevuna magunia kadhaa, tuko watu kadhaa, mpaka mavuno mengine ni miezi kadhaa, je, tutauza mangapi bila kulala njaa? Ukikosea hesabu ya treni unapata kosa. Ukikosea hii ya pili, mnakaa njaa mwezi wa pili.

Lakini kikubwa hakikuwa jembe wala hesabu. Kikubwa ni kwamba watoto walikuwa na sauti. Kulikuwa na mikutano ambayo wanafunzi na walimu walijadili kazi za shule: nini kifanyike, nani afanye nini, kilichopatikana kitumikeje. Hivyo ndivyo wazazi wao walivyokuwa wakiendesha vijiji. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza Litowa alikuwa ameshazoea kukaa kikaoni, kusema, kusikiliza, kukosolewa na kukubali uamuzi wa wengi. Alirudi kijijini kwake kama mtu anayehitajika. Hapo hakuna cha aliyefeli.

Mwalimu anajifunza

Huku Dar es Salaam mambo yalikuwa yamechemka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mabango mengine yalisema afadhali enzi za wakoloni. Mwalimu alikasirika vibaya sana. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Papo hapo akapunguza na mshahara wake mwenyewe, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamemgusa penyewe: wakubwa nao wanakula vizuri.

Tukio hilo lilimfanya ajiulize, je, shule zetu zinatoa watu gani? Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ukiusoma leo utashangaa. Anasema shule ya msingi iwe ni elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe tu maandalizi ya sekondari. Anasema kila shule iwe na shamba au karakana. Na anasema, hapa wengi tunapasahau, wanafunzi washiriki kuamua kazi gani ifanywe na mapato yatumikeje. Septemba mwaka huo huo akatoa waraka mwingine, wa Ujamaa Vijijini.

Mwalimu alikuwa anaifahamu RDA na aliipenda. Siwezi kusema aliinakili Litowa neno kwa neno, kwa sababu mawazo yake mengine yalikuwa ya zamani zaidi. Lakini aliyetaka kuona kwa macho kile waraka ulichokisema hakuwa na haja ya kusubiri. Angepanda basi aende Songea. Shule ilikuwa tayari ipo, watoto wanalima, wanasoma, wanakaa vikao.

Basi ungetegemea nini? Shule ingepewa tuzo. Toroka angezungushwa nchi nzima awafundishe walimu wengine. Si ndiyo?

24 Septemba 1969

Siku hiyo Kamati Kuu ya TANU, chama alichokiongoza Mwalimu mwenyewe, ilikutana na kuamua kwamba RDA ivunjwe. Kuanzia hapo vijiji vya ujamaa viwe chini ya chama peke yake. Waziri akaenda Songea kutangaza uamuzi. Mali za pamoja zikachukuliwa, yaani kiwanda cha mbao, mashine ya kusaga, magari. Wageni waliokuwa wakisaidia wakaondoka nchini. Na walimu wa shule ya Litowa wakahamishwa, huyu huku, yule kule.

Kosa lao lilikuwa nini? Hawakuiba. Hawakupinga ujamaa, wao ndio waliokuwa wakiuishi. Tatizo ni kwamba walikuwa na chama chao kisichongoja amri. Viongozi wengine wa mkoa hawakupenda wakulima wanaojibu hoja, wanaokataa mpango ambao hawakuujadili, wanaopata msaada wao wenyewe kutoka nje bila kupitia ofisini kwa bwana mkubwa. Kwa macho ya wakubwa hao RDA ilikuwa kama chama ndani ya chama. Na katika nchi ya chama kimoja hilo halivumiliki.

Hili la Mwalimu kukubali ndilo linalowasumbua waandishi wengi mpaka leo. Ibbott aliandika kitabu kizima juu ya RDA, kilichotoka 2014, na ndani yake huoni chuki kwa Nyerere. Unaona masikitiko. Mtu aliyewaelewa kuliko wote ndiye chama chake kiliwafuta.

Shule ya msingi Litowa ile iliishia hapo. Majengo hayakubomolewa na watoto hawakupotea, lakini shule ni walimu wake na namna yake ya kufanya mambo. Kijiji kingine cha RDA, Matetereka, kiliendelea na kazi za pamoja kwa miaka mingi baadaye, kimya kimya. Kwa hiyo mbegu haikufa yote.

Jembe likabaki, sauti ikaondoka

Sasa turudi kwenye lile shamba la shuleni kwangu.

Baada ya 1969 mambo yalikwenda mbio. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mpaka mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Malori yakasomba watu. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, miaka mingi kabla ya lengo la zamani. Watoto waliingia kweli, na ni jambo la kujivunia, tusilidharau. Lakini walimu watatoka wapi kwa haraka hiyo? Wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Ndio walimu wa UPE, wengine walikuwa wazuri sana, wengine wenyewe walihitaji mwalimu.

Katika hali hiyo Elimu ya Kujitegemea ilifika shuleni kama waraka kutoka juu. Mwalimu mkuu alitakiwa kuonyesha shamba, ekari ngapi, mapato kiasi gani. Hakuna aliyemuuliza kama watoto walikaa kikao. Shamba linaonekana ukaguzi ukija, kikao hakionekani. Basi likabaki jembe peke yake. "Shamba letu" likawa shamba la shule, na pengine shamba la mwalimu.

Ndiyo maana tunaposema Elimu ya Kujitegemea ilishindwa, mimi siku hizi nauliza, ipi? Ya Litowa haikushindwa, ilivunjwa. Ile niliyosoma mimi ilikuwa nyingine, yenye jina lile lile.

Kuna watakaonipinga

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kukasirika. Atasema, bwana we, unataka mtoto wa mkulima afundishwe kilimo abaki mkulima, huku wa waziri anasoma Ulaya! Hoja hiyo ni nzito na si mpya. Katika miaka ya hamsini wakoloni walileta shule za kati zenye mkazo wa kilimo, na wazazi wengi walizichukia kwa sababu hiyo hiyo. Waliona wazungu wanataka kuwafungia njia.

Jibu langu ni hili. Tofauti iko kwenye nani ameamua. Mkoloni aliamua kwa niaba ya mtoto wa mwingine. Litowa wazazi waliamua kwa ajili ya watoto wao, katika kijiji walichokijenga kwa mikono yao, ambacho kilikuwa na kazi na chakula cha kumrudishia huyo mtoto. Lakini nakubali, Litowa haikumaliza tatizo. Nchi ilihitaji madaktari na mainjinia pia, na shule moja isingeweza kujibu hilo. Tena ilitegemea watu wachache sana. Walipohamishwa wao, shule ikaondoka nao.

Leo je? Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, MMEM ikaanza 2002, zikafuata sekondari za kata, na mwaka 2016 elimu ikawa bila ada mpaka kidato cha nne. Wale 13 katika 100 ni historia. Mwaka 2024 ukaanza mtaala mpya wenye mkondo wa amali sekondari, ufundi, kilimo na kadhalika. Safi. Ila naomba tukumbuke Litowa kabla hatujanunua majembe mapya. Mtoto akipewa kazi ya mikono bila kuulizwa na bila kujua faida inakwenda wapi, anachojifunza ni kutumwa. Akiulizwa, akapiga hesabu, akakosea, akarekebisha, hapo anajifunza kujitegemea.

Ukiwa mwalimu na unasoma hapa, nina ombi dogo tu. Mkivuna, waiteni watoto, waambieni ni magunia mangapi, muwaulize yafanyiwe nini. Haihitaji bajeti.

Haya, nimemaliza. Shuleni kwenu mlilima nini, na kilikwenda wapi? Na kama kuna mtu wa Songea ambaye wazee wake walikuwa Litowa au Matetereka, tafadhali atuongezee, au atusahihishe pale nilipokosea. Uwanja ni wenu.